Nguo za vijana wa sarakasi wanaocheza na moto, nitumie kitambaa gani na nishone vipi?

fundi_mwanakwerekwe

Assalamu alaykum jamani, habari za kutwa. Mie ni fundi cherehani niko Unguja, kazi yangu ya siku zote suruali za ofisi, kanzu na sare za skuli. Wiki iliyopita wamenijia vijana 8, wavulana 6 na wasichana 2, kundi la sarakasi wanaokwenda hoteli za kule Nungwi na Kendwa kuonesha usiku. Wanapanda mnara wa watu, wanapita chini ya fimbo inayowaka moto, na wawili kati yao wanazungusha ile minyororo yenye tambi za moto mwishoni, mmoja mkono huu mmoja mkono huu.

Wamekuja na kitambaa chao kabisa, laikra nyekundu na nyengine ya dhahabu inang'aa kama samaki katoka majini, wanataka suti za kubana mwili na miguuni ziwe na matamvua yanayopepea wakizunguka. Sasa wakati nawapima mmoja kapandisha mguu nikaona kovu juu ya kifundo, refu kama kidole changu cha kati, ngozi imekunjana kama karatasi iliyoroa ikakauka. Nikamuuliza. Anasema tone la mafuta liliruka kutoka kwenye tambi likatua kwenye taiti, moto wenyewe ulizimwa kwa kofi moja tu lakini taiti ilikuwa ishagandana na mguu, walipoivuta ikaja na ngozi.

Toka siku ile futikamba nimeitundika, sijakata kitu. Pesa ya kianzio wameniwachia na onesho lao kubwa ni mwisho wa mwezi. Nnauliza mambo matatu: kitambaa gani nitumie, nikate vipi ili mtu apige msamba na kupinduka bila nguo kuchanika, na hii dawa ya kuzuia moto nnayosikia watu wanaroweka nguo ni kweli au maneno tu? Yeyote aliyewahi kucheza moto au kushona nguo hizi anisaidie kwa ukweli, hawa ni watoto wa wenzangu.

mzee_wa_tambi

Wa alaykum salaam fundi. Umefanya vyema kutokata. Mimi nimezungusha moto miaka 11, nilianzia Diani kwenye mahoteli, saa hii niko Ujerumani na kundi la sarakasi, kwa hivyo haya niliyoyaandika yamepita mwilini mwangu.

Hiyo laikra warudishie. Laikra zinazong'aa karibu zote ni nailoni au poliesta iliyochanganywa na uzi wa kuvutika, na vitu hivyo kabla ya kuwaka vinayeyuka. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi, nailoni nyingine hata 220, na moto wa mafuta ya taa unapita hapo mbali sana. Ikiyeyuka inakuwa kama uji wa moto ulioshika ngozi, na ule uji unaendelea kuunguza hata moto ukishazimwa, ndio lile kovu uliloliona. Pamba nayo inaungua, asikudanganye mtu, ila inaungua ikawa jivu, unaipiga kofi inazima, haikushiki. Sufu ni bora zaidi, inakataa kuwaka na ukiondoa moto yajizima yenyewe, lakini nani atavaa sufu Kendwa?

Ushauri wangu ni pamba nzito iliyofumwa ikabana. Khaki ile ya sare, jinsi ya pamba tupu, kanvasi nyepesi. Marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, pia ni nzuri ukiiweka mbili, maana moja peke yake ni nyepesi, inashika haraka. Na uangalie, pamba yenye manyoya juu, ile flaneli ya kulalia, hiyo usiiguse kabisa. Cheche ikigusa yale manyoya moto unapita juu ya nguo yote kama moto wa nyasi kavu, wakati unasema "ah" ushafika kifuani. Shashi vilevile hapana.

Ukiwa unachora nguo weka hili kichwani: mchezaji wa moto hasimami peke yake, pembeni kuna mtu ameshika taulo la pamba lililoloweshwa na kukamuliwa, na kazi ya nguo yako ni kumpatia huyo mtu wa taulo sekunde tatu au nne za kufika. Kwa hivyo matamvua hapana, mikono mipana hapana, mkia wa kitambaa hapana, kamba inayoning'inia kiunoni hapana. Tambi inazunguka karibu na goti na karibu na sikio kila wakati, kitu chochote kinachopepea ndicho kitakachokutana nayo kwanza. Na huko kwenu ufukweni kuna upepo, kusi ikivuma hata suruali pana ya kawaida inageuka tanga.

Na ngozi tupu msiiogope sana. Tambi ikigusa mkono mtupu ikapita unapata joto na pengine unyoya umeungua, basi. Wasamoa wanaozungusha upanga wa moto wanacheza vifua wazi na kitambaa kifupi kimekazwa mapajani, wala si kwa urembo peke yake, hapo hakuna kitu cha kushika moto. Kijana wa mnyororo anaweza kuvaa kaputula ya khaki iliyofika gotini na kizibao kisicho na mikono akawa salama kuliko aliyejifunika laikra mpaka kidoleni.

jaribu_la_pwani

Mbona sisi tunavaa laikra miaka yote na hakuna aliyeungua, tena limbo ya moto kila Ijumaa. Nafikiri inategemea na uzoefu wa mtu.

mzee_wa_tambi

Ndugu yangu nashukuru hamjaungua na Mungu aendelee kuwalinda, ila kwenye limbo moto umekaa kwenye fimbo na wewe unapita chini yake mara moja. Kwenye mnyororo ile tambi imelowa mafuta, na mzunguko wa kwanza ndio unarusha matone. Mimi huko nyuma nilikuwa na uzoefu wa miaka sita siku tone liliponiangukia pajani. Chovyeni tambi, acheni zichuruzike, halafu mzungushe bila moto ndani ya ndoo au mbali na watu mpaka mafuta ya ziada yaishe, ndipo muwashe. Na mafuta yawe mafuta ya taa, petroli kamwe. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata ikiwa baridi ya friji, mafuta ya taa yanataka joto la zaidi ya nyuzi 38 ndipo mvuke wake ushike. Nguo nzuri kiasi gani ikishalowa petroli ni utambi tu.

mama_nasra_ushonaji

Fundi pole na hongera, kwanza nimekupenda bure kwa kuuliza. Mi niko Dar, nashona nguo za ngoma na za vikundi vya sarakasi miaka mingi, za moto nimeshona mara mbili. Kaka hapo juu kamaliza upande wa kitambaa, mi nakuja kwenye cherehani maana hapo ndo mafundi tunapokosea.

Uzi. Ule uzi wa kawaida dukani, wa koni kubwa, ni poliesta. Unashona suruali ya pamba safi kabisa halafu mishono yote, kwapani, katikati ya mapaja, ubavuni, umeizungushia plastiki. Nguo ikishika moto mshono unaachia kwanza na uzi unayeyukia kwenye ngozi kwenye mstari mzima. Tafuta uzi wa pamba, upo, ule wa kudarizi makofia mwingi ni pamba na huko kwenu Unguja hauwezi kukosekana, ila kwa cherehani chagua uliosokotwa vizuri na ulegeze kidogo, ukivuta sana unakatika. Ukikosa kabisa, basi mshono uwe wa kulaza kama wa jinsi, dabo, ili uzi mwingi ujifiche ndani ya kitambaa, na ovaloki usiweke upande wa mwilini.

Lastiki. Kiunoni usiweke lastiki tupu inayogusa mwili, weka mshipi wa kitambaa chenyewe na kamba ya pamba ndani ya njia yake, fundo liwe kwa ndani. Miguuni pia usiweke lastiki, weka kafu ya vifungo viwili kama kafu ya shati. Zipu ya plastiki hapana. Velkro hapana, ile nayo ni nailoni. Vifungo vya chuma vya kubana ni vizuri ila nyuma yake weka kipande cha kitambaa mara mbili, chuma kikipata joto kinamchoma mtu alama ya duara.

Halafu hili nakuomba ulishike kabisa: nguo ya juu ifunguke mbele. Usiwashonee fulana ya kuvulia kichwani. Mtu akiwaka kifuani ukamwambia avue fulana, ule moto ndo unapita usoni. Vifungo vya kubana vitatu au vinne mbele, ukishika pande mbili ukivuta mara moja nguo yote imeachia.

Kuhusu msamba sasa. Khaki haivutiki na ukiikata kama suruali ya ofisi itachanika siku ya kwanza, tena mbele za wageni. Katikati ya mapaja weka kipande cha pembe nne, kikae kama kishada, kila upande sentimita 12 kwa mtu wa kawaida, 14 kwa mwenye mapaja. Ukikate mshazari, kitambaa cha pamba kikikatwa mshazari kinavutika chenyewe bila laikra yoyote. Kwapani vivyo hivyo, kipande kidogo cha sentimita 8 kinatosha, mtu anainua mikono na kizibao hakipandi tumboni. Nyuma kiunoni pandisha kama sentimita 4 kuliko mbele maana akiinama kuweka daraja suruali inashuka. Mifuko usiweke, mwenzake akipanda mnara kidole cha mguu kinaingia mfukoni, nimeona kwa macho yangu mtoto amening'inia.

Siku ya kuwapima wapige msamba hapohapo dukani, wachuchumae, wapande begani kwa mwenzao. Mi huwa nawapima mapaja wakiwa wamechuchumaa na sio wamesimama, tofauti inafika sentimita 5.

fundi_mwanakwerekwe

Mama Nasra nakushukuru sana tena sana, hilo la kupima mtu kachuchumaa sikuwahi kulifikiria toka nianze ushoni. Suali: khanga na vitenge je? Vijana wanataka waonekane wa hapa hapa, nilifikiri kuwawekea pindo la khanga mguuni na kifuani badala ya hayo matamvua. Na nitajuaje kama ni pamba kweli, maana muuza duka yeye kila kitu kwake pamba.

mama_nasra_ushonaji

Usimwamini mwenye duka wala lebo, uamini kiberiti. Omba kipande cha vidole viwili, nenda nje, kishike kwa koleo au kibanio cha nguo cha chuma juu ya sahani yenye maji, washa pembeni. Pamba itawaka na mwali wa njano, harufu ya karatasi iliyoungua, na ukiizima inabaki jivu laini la kijivu linalopukutika ukiligusa. Poliesta utaiona inajikunja kuukimbia moto kabla haujaifikia, inatoa moshi mweusi, inadondosha matone, na mwishoni inabaki shanga nyeusi ngumu ambayo huwezi kuivunja kwa kucha. Kitambaa cha mchanganyiko kinakupa vyote, jivu na vishanga ndani yake, hicho nacho kataa. Vitenge vingi vya bei rahisi siku hizi vinafeli hapo. Khanga zipo za pamba na zipo za mchanganyiko, jaribu kila pea, hata za duka moja. Kikoi ni kizuri lakini yale matamvua yake mwishoni kata, pinda, shona.

Pindo la khanga mguuni wazo zuri sana, ila khanga ni nyepesi, ishonee juu ya khaki kotekote isibaki sehemu imeachia kama mfuko.

mfamasia_wa_tanga

Habarini. Swali la dawa halijajibiwa ngoja nijaribu. Ipo na inafanya kazi kwenye pamba, ni ya zamani sana na rahisi: boraksi na asidi ya boriki kwa uzito wa 7 kwa 3. Yaani kama gramu 200 za boraksi na gramu 85 za asidi ya boriki kwenye lita 2 za maji ya moto, koroga mpaka maji yawe meupe safi bila punje, loweka nguo iliyofuliwa vizuri, kamua kidogo, anika kivulini. Ikikauka inakuwa ngumu kidogo kama imetiwa wanga. Kitambaa kilicholoweshwa hivyo ukikitia moto kinakuwa cheusi lakini mwali hausambai, ukiondoa moto kinazima.

Ila sikiliza vizuri. Dawa hii ni chumvi, inatoka na maji. Ukifua mara moja imeondoka, na vijana wa sarakasi wakitoka jasho la usiku mmoja inapungua pia, kwa hiyo ni kuloweka upya kila baada ya kufua, na kila mara wachome kipande cha majaribio walichokiloweka pamoja na nguo. Haimzuii mtu kuungua ikiwa nguo imelowa mafuta ya taa, mafuta yenyewe yataendelea kuwaka juu ya kitambaa. Kwenye poliesta usihangaike. Na isikae moja kwa moja kwenye ngozi masaa mengi, inawasha, wavae fulana nyembamba ya pamba isiyo na dawa ndani. Msichana mwenye ujauzito asiivae wala asiichanganye, na mtu yeyote anayechanganya avae glavu. Msinunue zile pakiti za dawa ya mende mkadhani ni kitu kimoja, nyingi zimechanganywa na mambo mengine.

Na kwa kuwa umetaja lile kovu. Mtu akiungua, maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio barafu, sio dawa ya meno, sio asali. Kitambaa kikishagandana na ngozi usikivute, kata nguo kuzunguka pale palipogandana, kiache, mpeleke hospitali kikiwa hapohapo. Vua pete na bangili mapema kabla hajavimba. Hao vijana wote 8 wafundishwe hilo, sio yule wa taulo peke yake.

binti_wa_hoop

Mi ni mchezaji, niko Arusha, nazungusha hula hupu yenye tambi tano za moto. Nimesoma yote nikaona mmesahau wasichana.

Sidiria. Hakuna anayeiuliza. Nguo ya juu pamba, ya chini khaki, halafu ndani sidiria ya sponji na nailoni na chupi ya nailoni. Joto la tambi likipita karibu linapenya nguo ya juu, na ile nailoni ndo imekumbatia ngozi. Fundi wakatie wale wasichana wawili sidiria za kitambaa cha fulana ya pamba, zile za kubana mgongoni bila waya, ukiweka kitambaa mara mbili inashika vizuri hata ukiruka. Fulana za mitumba za pamba ndo bora kwa hiyo, zimeshafuliwa zimelainika. Ikibidi kitambaa kiwe na laikra kidogo, asilimia 5 mwisho, na ukichome kwanza uone.

Nywele. Mi nilikuwa na rasta za kununua mpaka kiunoni, nzuri kwelikweli. Ilikuwa tunafanya mazoezi, tambi ikapita nyuma ya shingo, nikasikia tu harufu. Rasta tano zilikuwa zimeshikana zimekuwa fimbo moja nyeusi, na chini yake shingo imetoka malengelenge manne. Tangu siku hiyo nasuka nywele zangu mwenyewe karibu na kichwa na juu nafunga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji, ncha zimechomekwa ndani. Fundi katika ile suti yao washonee na vilemba vya khaki ileile, wakivaa wote inapendeza na hamna anayejisikia kajifunika kwa woga. Na wasijipake mafuta ya nywele ya kupuliza wala pafyumu ya kupuliza kabla ya onesho.

Rangi sasa, maana hawa wametaka kung'aa na ni haki yao, mtazamaji amelipa. Usiku mwanga wote ni wa moto, wa chungwa. Bluu na kijani vinakuwa vyeusi, nyeusi yenyewe inapotea kabisa unabaki uso na mikono inaelea. Nyeupe iliyofifia ya marekani, njano ya haradali, chungwa, nyekundu ya matofali, hizo zinawaka zenyewe kwenye ule mwanga bila kung'aa mchana. Mi suti yangu ni khaki ya rangi ya udongo na mistari ya marekani nyeupe pembeni ya mguu na chini ya mkono, nikizunguka watu wanaona mistari inachora. Spangi zile za plastiki acheni. Ukitaka kitu cha kumetameta shona vipande vidogo vya shaba au shanga za kioo, ila uzishone kwa uzi wa pamba maana zile za kununua zimetungwa kwa nailoni, na zikae kifuani mbali na kwapa.

mzee_wa_tambi

Dada wa Arusha umesema kweli tupu, mimi sikuwahi kufikiria sidiria maisha yangu yote na tumekuwa na wasichana kundini. Leo nawauliza.

fundi_mwanakwerekwe

Jamani nimerudi. Juzi nimekaa nyuma ya duka na sahani ya maji na kiberiti, nimechoma vipande 14. Laikra yao ya dhahabu imedondosha matone yanayowaka ndani ya maji, kila tone linalia "tss", na yule kijana mwenye kovu alikuwapo, kaangalia mpaka mwisho hakusema kitu, kisha kaichukua laikra yote kaikunja kaitia mfukoni. Khanga pea 5 nilizojaribu 2 zimefeli. Khaki ya sare za skuli ninayoshona kila mwaka imetoa jivu safi, marekani safi. Uzi wangu wa koni niliokuwa nao dukani miaka yote umetoa kishanga cheusi, mama Nasra nilikuamini lakini nilipoona kwa macho nimeingia baridi.

Nimeshakata suti moja ya majaribio ya kijana wa mnyororo. Suruali ya khaki rangi ya udongo, inafika chini ya goti, kafu ya vifungo viwili, kishada cha sentimita 13 katikati kimekatwa mshazari. Kizibao cha marekani mbili kinafunguka mbele kwa vifungo vinne vya kubana, kila kimoja na kitambaa nyuma yake. Mgongoni nimemdarizia kwa uzi wa kofia, mkono wangu, kazi ya usiku mbili, duara la macho madogo madogo kama la kofia ya viua, kwa uzi mweupe. Kaivaa, kapiga msamba hapa mbele ya duka watoto wa mtaani wakashangiria, kapinduka mara tatu, mshono haukulia. Usiku tukazima taa za duka wakawasha tambi moja uwanjani, mwenzake kasimama na taulo lililoroa maji, na lile duara la mgongoni likaonekana toka upande wa pili wa njia.

Wasichana nimewapigia simu waje na fulana zao za pamba za zamani kwa ajili ya sidiria. Boraksi nimeulizia famasia mbili, moja wamesema wataagiza.

Limebaki moja mama Nasra: uzi wa kofia kwenye cherehani yangu ya miguu unakatika nikiongeza mwendo kwenye ule mshono wa kulaza, pale zinapokutana khaki nne. Sindano nnatumia namba 16. Nipande 18 au nipake uzi nta kwanza?

mama_nasra_ushonaji

Panda 18, na pale penye khaki nne zungusha gurudumu kwa mkono usikanyage. Nta usipake, ile nayo inawaka. Na ule mshono kabla hujaupitia ugonge na nyundo juu ya ubao mpaka ulale.